Pedi za Breki kwa Datsun Iendayo Harare na Kurudi

Mama aliyeniuliza habari za jiko la mkaa linalojaza moshi nyumbani naomba anivumilie hadi toleo lijalo. Juma hili imenifikia barua isiyopenda kungojeshwa. Aliyeiandika ni koplo wa jeshi la Malawi, akaaye Area 18 hapa Lilongwe, si mbali na nyumba yangu. Kiswahili alikipatia Kivu, katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa ambamo Malawi ilishiriki pamoja na Tanzania na Afrika Kusini tangu mwaka 2013, na ijapokuwa huchanganya ngeli, anaeleweka vema kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nacho.

Anaeleza kwamba amerithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa polisi, gari dogo la Datsun 120Y la miaka ya 70. Amelitengeneza kidogo kidogo kwa mishahara ya miaka minne, rangi mwezi huu, rejeta mwezi ule. Sasa wenzake wapendao magari ya zamani wanakwenda Donnybrook, uwanja wa mbio za magari ulio kando ya Harare, kwa siku ambayo kila mwenye gari zima na kofia ngumu ataruhusiwa kuzunguka uwanjani kwa kasi aiwezayo, bila kushindana na mtu. Koplo wetu ataliendesha gari lilelile mpaka huko, atazunguka nalo, kisha atarudi nalo. Swali lake ni hili: anunue pedi gani za breki? Rafiki mmoja anamuuzia pedi za mashindano, mpya, zingali sandukuni. Rafiki wa pili anamwambia asipoteze fedha, pedi ni pedi.

Chini ya sahihi yake, mkewe, ambaye ni mzaliwa wa Karonga, ameongeza mstari mmoja kwa kalamu nyingine: "Mwalimu, usisahau kwamba Jumatatu gari hilo ndilo linalopeleka watoto shule."

Nakiri kwamba mstari huo ndio ulioninyanyua kitini. Mimi si fundi. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, kisha nikaingia katika utumishi wa serikali, na elimu yangu ya magari nimeipata kwa njia ya wengi wetu, yaani kwa kuharibikiwa. Lakini katika jambo la pedi za breki nilipata somo ambalo sitalisahau.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua pedi katika duka moja la vipuri mjini. Bei ilikuwa nusu ya bei ya maduka mengine, nami nikajiona mjanja. Majuma matatu baadaye tulikuwa tukirudi kutoka Dzaleka, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa pili aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma. Mbele yetu mwendesha baiskeli ya kabaza, na gunia la mkaa juu yake, akakata barabara bila kutazama. Nikakanyaga breki. Pedeli ikazama ghafla kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo, ukasikika ukelele wa chuma juu ya chuma, na gari likavutwa upande wa kushoto, likashuka barabarani na kuingia katika shamba la mahindi. Hakuna aliyeumia. Mwendesha baiskeli alisimama, akatutazama, akaendelea na safari yake.

Kilichotokea ni kwamba katika gurudumu la mbele la kulia, kile kipande kinachosugua diski kilikuwa kimebanduka chote kutoka kwenye bati lake. Gundi iliachia. Gurudumu la kushoto likawa limeshikwa na breki, la kulia halikushikwa, ndiyo maana tukavutwa kushoto, shambani. Laiti ingalibanduka ya kushoto, tungalivutwa kulia, mbele ya malori yaendayo Kasungu. Mke wangu alilitambua hilo kabla yangu, wala hakunena neno mpaka tulipofika nyumbani.

Fundi wangu, ambaye kwa ajili yake tulikuwa tumekwenda Dzaleka siku ile kwa shughuli nyingine, nilimpelekea kipande hicho siku ya pili yake. Wasomaji wanaoishi mbali huenda hawaijui Dzaleka. Ni kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari ukipita Kanengo na Lumbadzi. Zamani, enzi za Rais Kamuzu Banda, mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya watu waliokimbia vita vya Kongo, Burundi na Rwanda. Pametengenezwa kwa watu wapatao elfu kumi hivi, na leo wamezidi elfu hamsini. Ukishuka sokoni pale, Kiswahili unachokisikia ni cha Uvira, cha Bukavu na cha Bujumbura, na mgeni kutoka pwani huhitaji dakika chache kabla sikio halijazoea. Fundi wangu ni mzee kutoka Uvira. Alikuwa na kibanda chake mjini Lilongwe, lakini serikali ilipoagiza mwaka 2023 kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, alifunga spana zake katika gunia akarudi. Hivyo sisi wateja wake sasa ndio tunaomfuata. Wengine wamechoka safari, wametafuta mafundi wengine. Mimi bado naenda.

Mzee alikishika kipande kile, akakikwaruza ukingoni kwa ncha ya msumari, kikamomonyoka. "Mwalimu," akasema, "hii si pedi. Hii ni biskuti."

Basi kwa rafiki yule wa pili asemaye pedi ni pedi, jibu langu ni biskuti ile, ninayo hadi leo katika droo ya meza yangu.

Sasa tuliangalie gari la koplo. Kabla ya kuchagua pedi, hapana budi kuelewa kazi yake. Breki haimezi mwendo wa gari ukatoweka. Huugeuza mwendo kuwa joto. Datsun 120Y ni gari jepesi, uzito wake ni kama kilo 800, na ukiweka dereva, petroli na vifaa vichache hukaribia tani moja. Ukilisimamisha gari la tani moja kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, joto linalozaliwa katika breki linatosha kuchemsha lita moja ya maji ya baridi na ziada kidogo. Mama yeyote ajuaye ni kuni ngapi huchemsha lita moja ya maji atalithamini joto hilo, nalo limezaliwa kwa sekunde chache katika vipande vya ukubwa wa kiberiti viwili vitatu.

Na joto halipandi sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa hiyo atakayepunguza kutoka kilomita 100 hadi 50 tu, bila kusimama, ameshatumia robo tatu ya joto lote la kusimama. Katika barabara ya kawaida jambo hilo si zito, kwa sababu baina ya breki moja na nyingine kuna muda wa kupoa. Kutoka Area 18 mpaka Dzaleka sidhani kama nakanyaga breki kwa nguvu mara tano, nazo ni kwenye makutano, kwenye vizuizi vya polisi na pale penye mbuzi. Uwanjani mambo ni mengine. Tuseme mzunguko una kona tano za kukanyaga breki kwa nguvu, naye akazunguka mara kumi. Hizo ni breki hamsini za kutoka 100 hadi 50, na joto lake lote pamoja lingechemsha ndoo mbili za lita 20, kwa muda wa robo saa hivi. Sehemu kubwa ya joto hilo huangukia breki za mbele, kwa maana gari likipigwa breki huinamia mbele na uzito wake huhamia huko.

Joto hilo likizidi, breki hufa kwa njia mbili zilizo tofauti, na dereva azijuaye huokoka. Njia ya kwanza ni pedi yenyewe kuchoka kwa joto. Unakanyaga, pedeli ni ngumu kama jiwe, lakini gari linaendelea kwenda. Utelezi umeingia baina ya pedi na diski. Njia ya pili ni mafuta ya breki kuchemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa, basi pedeli inakuwa laini, inazama hadi sakafuni. Kwa ile ya kwanza, ukipunguza mwendo na kuacha zipoe, breki hurudi. Ya pili huweza kukujia ghafla bila kukuaga, na dawa ya papo hapo ni kusukuma pedeli mara nyingi upesi na kuteremsha gia. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hununua pedi za bei kubwa kutibu ugonjwa ulioko katika mafuta.

Zipo pedi za namna nyingi, lakini kwa gari hili tunaweza kuzigawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni pedi za kawaida za barabarani, zilizotengenezwa kwa nyuzi, gundi na unga wa vitu mbalimbali. Hizi hushika tangu zikiwa baridi, hazipigi kelele, haziili diski, ila zikifika kwenye joto la nyuzi 300 hivi huanza kuregea. Kundi la pili zimechanganywa na unga au nyuzi za chuma, au zimetengenezwa mahsusi kwa waendao kasi. Zinavumilia joto zaidi, aghalabu nyuzi 400 hadi 500, na bado zinashika asubuhi zikiwa baridi, ijapokuwa si kwa ulaini ule wa kwanza. Kundi la tatu ni za mashindano. Hizo huvumilia joto ambalo lingeyeyusha risasi maradufu, lakini zina tabia moja ambayo rafiki wa kwanza wa koplo hakuitaja: zikiwa baridi hazishiki vema. Zinataka zichomwe kwanza.

Hebu fikiri safari yenyewe. Kutoka Lilongwe kwenda Harare njia ya mkato hupita Dedza, ikaingia Msumbiji, ikavuka Zambezi pale Tete, ikatokea Nyamapanda. Dedza iko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai asubuhi zake ni za koti na ukungu. Gari limelala nje usiku kucha. Dereva anawasha, anashuka mteremko, hajagusa breki kilomita kadhaa, na pale mbele katika ukungu kuna kizuizi na askari aliyenyoosha mkono. Hapo ndipo pedi za mashindano zitakapomwambia dereva kwamba bado hazijaamka. Wasomaji wetu wengi ndio hao wanaosimama kwenye vizuizi usiku na alfajiri, wanajua wenyewe idadi ya magari ambayo husimama hatua kumi mbele ya pale yalipotakiwa.

Kuna jambo la pili dhidi ya pedi za mashindano, nalo ni la mfuko. Zinakula diski. Diski za 120Y si kitu unachokiokota kila duka siku hizi, na kila diski ina unene wa mwisho ambao ukipita hapo haifai tena, hata kama imenyooka. Kukereza diski iliyoliwa ni kuipunguza unene tena. Mtu aliyetumia miaka minne kufufua gari la baba yake asiruhusu siku moja ya furaha imalize diski zake.

Mzee wa Dzaleka nilipomweleza habari hii alikuwa na shauri lake. Alisema koplo afunge pedi za kawaida za safari, achukue na zile za mashindano katika buti, afikapo uwanjani abadilishe, na jioni abadilishe tena. Kazi ya saa moja kwa mwenye mkono mwepesi. Ni shauri la fundi, nami namheshimu, lakini silikubali kwa gari hili. Pedi kila aina huacha juu ya diski utando wake mwembamba, na pedi ya aina nyingine ikija juu ya utando huo haishiki vizuri mpaka izoezwe upya. Tena jioni, mtu amechoka, amefurahi, kuna giza, yuko ugenini, naye analala chini ya gari kufungua kalipa zingali moto. Makosa mengi ya breki niliyoyasikia yalifungwa kwa spana wakati wa haraka. Mzee alinisikiliza, akacheka, akasema kwamba mimi ni mwalimu na yeye ni fundi, na kila mmoja anaogopa kile asichokijua. Huenda ni kweli.

Langu basi ni kundi la pili. Koplo atafute pedi za barabarani zenye kuvumilia kasi, seti moja, azifunge huku Lilongwe na arudi nazo. Majina yapo: Mintex wana aina yao ya M1144, Ferodo wana DS2500, EBC wana zao za rangi, na magari madogo ya zamani mengi ulimwenguni yanazitumia hizo kwa siku za namna hii. Asishikilie jina kupita kiasi iwapo umbo halipatikani kwa 120Y yake. Na kwanza kabisa alifungue gurudumu aone alicho nacho, maana baadhi ya Datsun hizo zilitoka kiwandani na ngoma mbele na nyuma, bila diski hata moja. Ikiwa lake ni la ngoma nne, shauri langu ni aende Harare kama mtazamaji. Ngoma ikipata moto hutanuka ikaikimbia shuu, na pedeli huwa ndefu kila mzunguko.

Kwa kuwa nimetaja Ferodo, nitatoka nje ya njia kidogo. Mwanzilishi wake, Herbert Frood wa Uingereza, alianza kazi hiyo mwaka 1897, na husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kuwaona waendesha mikokoteni wakifunga viatu vikuukuu kwenye breki za mbao ili magurudumu yashike vizuri mteremkoni. Jina la Ferodo ni herufi za jina lake zilizopanguliwa na kuongezwa moja. Watoto wa nyumbani kwangu walipenda sana hadithi hiyo ya kiatu, wakaijaribu kwenye toroli ya jirani.

Akishika pedi dukani, koplo atazame ukingo wa pedi, siyo sanduku. Pedi nyingi zenye kufuata kanuni za Marekani zimepigwa chapa ya herufi mbili mwishoni mwa namba zake. Herufi ya kwanza hueleza mshiko pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili hueleza mshiko ikiwa na moto mwingi. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo FF ni pedi isiyobadilika sana baridi na moto, nayo ndiyo ningemtafutia. EE hushika kidogo. Ukiona FE, jua kwamba ikipata moto inaregea, na uwanjani moto ndio utakaokuwapo. Zile zinazofuata kanuni za Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara na namba kando yake, pamoja na maandishi R90, maana yake zimepimwa na kuonekana mshiko wake haupishani sana na pedi za kiwandani. Pedi za mashindano kamili huwa hazina chapa hiyo, nalo hilo ni onyo la kutosha kwa aendaye barabarani.

Mwizi naye anajua kupiga chapa. Ndiyo maana nafuata na mambo ya mzee: ukwaruze ukingo kwa msumari, usimomonyoke, utazame kama kipande kimelala sawa juu ya bati bila nafasi, usome namba za toleo kama zipo na kama pedi zote nne ni za toleo moja. Duka likikataa usiguse, nenda lingine.

Sasa nageukia kile ambacho koplo hakukiuliza. Mafuta yake ya breki ni ya lini? Mafuta haya hunywa unyevu kutoka hewani, hata kupitia mipira, na kadiri yanavyokunywa ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205, lakini ikishakunywa maji kipimo hicho hushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imelowa. Kama mafuta ya Datsun hiyo yamo tangu enzi za marehemu baba, hata pedi za dhahabu hazitamfaa. Amwage yote, atie DOT 4 mpya kutoka mkebe mdogo ambao ameufungua mwenyewe siku hiyo, atoe upepo magurudumu yote manne akianza na lile la mbali zaidi na masta silinda. Mkebe uliobaki nusu mwaka jana asiutumie, hata kama unaonekana safi. Na asichanganye na DOT 5, ambayo ni silikoni na haipatani na hizi. Mafuta haya hula rangi ya gari, basi awe na maji na kitambaa karibu, maana rangi ile naambiwa ilimgharimu mwezi mzima.

Mipira ya breki pia aikunje kwa vidole. Ikiwa na nyufa, au ikivimba msaidizi anapokanyaga pedeli, itupwe. Shuu za nyuma zikiwa zimeisha zibadilishwe au zigongwe ribiti mpya na fundi anayejua. Mzee wa Dzaleka huifanya kazi hiyo kwa malori na shuu zake hukaa. Ila asitafute shuu kali za kuongeza nguvu nyuma. Magurudumu ya nyuma yakishikwa kabla ya yale ya mbele, gari hugeuka likatazama lilikotoka.

Pedi mpya zifungwe angalau juma moja kabla ya safari, zizoezwe. Baada ya kuzifunga, kabla gari halijasogea hata unyayo mmoja, pedeli isukumwe mpaka iwe ngumu. Namfahamu mtu aliyesahau jambo hilo akatokea upande wa pili wa ukuta wa gereji. Kisha Jumapili asubuhi mapema, wakati barabara ni nyeupe, atoke nje ya mji. Aende kilomita 60 kwa saa, akanyage kwa nguvu ya kadiri mpaka 20, aachie, aende tena. Afanye hivyo mara kumi, bila kusimama kabisa, maana pedi moto ikibana diski iliyosimama huacha alama, na baada ya hapo usukani hutetemeka kila breki. Akisikia harufu ya kuungua kidogo asiogope, ni gundi ya ndani inatoka. Aendeshe kilomita kumi bila kugusa breki, zipoe. Asiyefanya hivi nyumbani atafanyiwa uwanjani, kwenye kona ya kwanza yenye kasi.

Uwanjani kwenyewe sina mengi. Nawakumbusha vijana tu kwamba Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia, katika barabara zilizoua magari mengi yenye nguvu kuliko lake. Koplo azunguke mara nne au tano, kisha mzunguko mmoja wa polepole bila breki ili upepo upoze diski, halafu aegeshe na kupumzika nusu saa. Akiegesha asivute breki ya mkono wakati ngoma zingali moto. Aweke gia na jiwe nyuma ya gurudumu. Pedeli ikianza kuwa ndefu kuliko asubuhi, siku yake imekwisha, hata kama amelipia mpaka jioni, hata kama wenzake wanamcheka. Kabla ya kuondoka Harare avue gurudumu moja la mbele aangalie: pedi ikiwa imebaki chini ya milimita 3, asianze safari nayo, na kwa sababu hiyo pedi zake za zamani, zikiwa bado nzima, zikae ndani ya buti. Hapo nakubaliana na mzee kuhusu buti.

Neno moja kwa nyumba yenye watoto. Vumbi jeusi lililomo ndani ya ngoma na kwenye kalipa lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi na shuu za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Uingereza ilimaliza kupiga marufuku aina yake ya mwisho mwaka 1999. Gari lililokaa muda mrefu kama hili huenda bado lina shuu za wakati ule. Vumbi lilowanishwe kwa maji ya sabuni, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe katika mfuko na kutupwa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na sare za shule.

Nawe dada wa Karonga, nimeusoma mstari wako. Jumatatu asubuhi, kabla watoto hawajapanda, fungua boneti utazame kikombe cha mafuta ya breki. Kiko upande wa dereva, karibu na ukuta wa injini, na kina alama ya juu na ya chini. Yakiwa yamefika alama ya chini, kuna kilichoisha au kinachovuja. Kisha kaa kitini, kanyaga pedeli uishikilie hivyo ukihesabu mpaka thelathini. Ikibaki palepale, mwondoe gari. Ikizama polepole chini ya mguu wako, mwamshe koplo, na watoto waende kwa minibasi siku hiyo.